Kichupa cha mazoezi kibaki darasani

Jumamosi jioni, kuanzia Coco Beach hadi pembezoni mwa Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, vijana wa sekondari hujikusanya kwa makundi ya watano au sita. Mmoja ana spika ndogo, mwingine ameazima miwani ya kaka yake, na wa tatu, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaweza, ameshika simu. Wimbo unapigwa, midomo inafuatisha, mikono inapunga hewani. Forodhani kule Unguja mambo ni hayo hayo, na Mama Ngina kule Mombasa vilevile. Kabla ya adhana ya magharibi kichupa, yaani video ya wimbo huo, kimeshakatwakatwa, kimetiwa rangi na kutupiwa mtandaoni, na usiku kucha watu wanahesabu waliokipenda.

Kijana kucheza na kamera si dhambi. Tatizo ni kwamba karibu kila video anayotengeneza ni ya kuonyesha watu, na hana hata moja ya kujifunzia. Ingefaa kila shule ya sekondari iwape wanafunzi nafasi ya kutengeneza angalau kichupa kimoja cha mazoezi: kifupi, cha wimbo wa mtu mwingine, chenye makosa yote kitakayozaliwa nayo, na kisichotoka nje ya mlango wa darasa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaudhi vijana, na ndilo lenye faida kuliko mengine yote.

Mlango, chumba, kiti

Uingereza jambo hili si geni. Wanafunzi wa kule wanaosoma Midia katika ngazi ya A-level, sawa na kidato cha tano na sita, wametengeneza video za muziki kama sehemu ya mtihani kwa miaka mingi. Muhtasari wa bodi ya mitihani ya OCR ulioanza kufundishwa mwaka 2008 haukumruhusu mwanafunzi aliyechagua njia ya video kurukia kazi kubwa. Kwanza alipewa zoezi ambalo kijana wa Coco Beach angelicheka: mhusika afungue mlango, avuke chumba, akae kwenye kiti mkabala na mtu mwingine, wasemezane maneno mawili matatu. Basi.

Zoezi hilo lilikuwa na mitego. Mkono ulioanza kushika kitasa katika shoti ya kwanza sharti uonekane ukikimalizia katika shoti ya pili, tena uwe mkono uleule. Wawili wakizungumza, kamera ibaki upande mmoja wao, la sivyo mtazamaji atadhani wote wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Mwaka huohuo wa kwanza wa masomo mwanafunzi alitengeneza dakika zisizozidi mbili za mwanzo wa filamu, kisha katika tathmini akaulizwa amejifunza nini tangu zoezi la awali hadi kazi kamili. Mwaka wa pili ndipo wengi walipofika kwenye video ya muziki, pamoja na jalada la albamu na tangazo lake la jaridani. Mihtasari ilibadilishwa mwaka 2017, lakini video ya muziki ikabaki miongoni mwa kazi zinazoweza kupangwa.

Swali lile la tathmini ndilo la kutazamwa kwa makini. Mwanafunzi ambaye mlango wake wa kwanza ulikuwa hovyo alikuwa na cha kuandika. Yule aliyejifanya hakukosea popote alibaki na karatasi tupu. Tathmini hiyo ilijengwa hivi kwamba kosa la mwanzo, likieleweka, linaleta alama. Ni mitihani mingapi ya Afrika Mashariki inayompa mtoto nafasi kama hiyo?

Walimu wengi wa somo hilo walibeba mtindo huo hadi kwenye muziki: kabla ya video ya mtihani, darasa linachukua wimbo uliokwisha kutoka, wanafunzi wanafuatisha midomo kwa kipande kifupi au wanaiga video ya msanii shoti kwa shoti. Humo ndimo mambo mengi hufumuka.

Midomo haitaki uongo

Asiyewahi kushuti hudhani kufuatisha wimbo ni kufungua na kufumba mdomo. Wimbo uliorekodiwa studio hupigwa kwa spika, mwimbaji huimba juu yake, na baadaye mhariri hutoa sauti iliyonaswa na simu na kuweka ile safi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye aibu hunong'ona, akijua sauti yake haitasikika. Akija kutazama, anaona shingo imelala, kifua hakipandi, na sauti kubwa ya studio inatoka kwenye uso wa mtu anayesoma tangazo ukutani. Somo la kwanza ni hilo: ili kuigiza kuimba, imba. Tena kwa nguvu, watu wakikutazama.

Somo la pili ni la fizikia, na linawashangaza hata walimu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji akisogea mita 34 kutoka ilipo spika, wimbo unamfikia ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Simu iliyobaki karibu na spika, ikimvuta kwa mbali, yenyewe imeusikia wimbo mapema. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, wimbo unakuwa umepishana na midomo kwa fremu mbili na nusu. Ni kidogo mno kwa saa, lakini jicho la mtazamaji linashtuka: kuna kitu hakiko sawa, ingawa hajui ni nini. Mwanafunzi aliyekariri mwendo wa sauti ili ajibu swali la mtihani wa taifa atausahau ifikapo Desemba. Aliyerudia kazi ya mchana mzima kwa sababu yake hausahau.

Tena zipo simu nyingi ambazo hazinasi fremu kwa idadi ileile kila sekunde. Mwanga ukipungua, nazo hupunguza. Wimbo unaanza ukiwa sawa na midomo, na ufikapo kiitikio cha pili umeshaachana nayo. Wenye kazi pia hupiga makofi mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti, wapate alama ya kulinganishia. Vijana huona kupiga makofi ni mbwembwe za Hollywood hadi siku wanapokaa na klipu nyingi zisizo na alama, hawajui ipi inaanzia wapi.

Hesabu nayo imo. Mwaka 2000 kundi la Coldplay la Uingereza lilitoa video ya wimbo "Yellow", ambamo Chris Martin anatembea ufukweni kwa mwendo wa taratibu, mawimbi nyuma yake yakisuasua, na bado midomo yake inakwenda sawasawa na wimbo. Siri yake ni ya darasa la saba. Wimbo ulipigwa kwa kasi mara mbili, yeye akaimba harakaharaka, kamera ikanasa fremu 50 kwa sekunde, na video ilipochezwa kwa fremu 25 kila kitu kikapungua nusu isipokuwa wimbo, uliorudi kwenye kasi yake. Miaka miwili baadaye, kwa ajili ya "The Scientist", mwimbaji huyohuyo alijifunza kuimba wimbo mzima kinyumenyume, kazi iliyomchukua takriban mwezi, kwa kuwa video ilikuwa ya kurudishwa nyuma. Darasa lenye simu moja inayoweza kushuti fremu 50 au 60 linaweza kujaribu hila ya kwanza kwa kipindi kimoja. La pili waachiwe wenye subira.

Shati jeupe na jua la saa kumi

Kuna mambo ambayo kitabu kutoka London hakitamfundisha mtoto wa Tanga au Lamu, maana jua la kule si la huku. Saa sita mchana pwani ya Afrika Mashariki jua liko utosini. Macho yanageuka mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na mwimbaji mzuri anaonekana kama amekesha. Wanafunzi hushuti saa hiyo kwa sababu ndiyo waliyopewa ruhusa. Wakisubiri jioni wanapata mwanga mtamu, lakini hapa karibu na Ikweta jioni haimngoji mtu. Saa kumi na moja kila kitu ni cha dhahabu, saa kumi na mbili na ushee ni kiza. Shoti ya vesi ya kwanza na shoti ya kiitikio, zinazotakiwa zionekane ni za dakika moja, zinatoka moja ya manjano na nyingine ya buluu.

Halafu liko suala la ngozi na shati. Simu ikiachwa ijiamulie mwanga, hutafuta wastani wa picha nzima. Mwanafunzi mweusi aliyevaa shati jeupe la shule, nyuma yake mchanga mweupe na anga, anaifanya simu iamini kwamba picha imejaa mwanga kupita kiasi, hivyo inaupunguza. Uso unabaki kivuli chenye meno. Dawa yake ni rahisi: gusa uso kwenye kioo cha simu, ushikilie hadi simu ikubali kutobadilika, au mgeuze mwenzako aelekee ukutani kuliko na mwanga laini. Wanafunzi wakiligundua hilo wenyewe, baada ya kutazama nyuso zao zimepotea, wanaanza kuuliza maswali makubwa kidogo. Nani aliiambia simu wastani ni upi? Kwa nini baadhi ya video zinatiwa krimu ya kidijitali hadi msanii wa Mtwara anatoka mweupe kama karatasi? Huo ni mjadala wa somo la uraia ulioingia darasani kupitia mlango wa muziki.

Nani ashike simu?

Kwenye makundi ya ufukweni kazi zimegawanywa bila mjadala: wavulana wanaimba, wasichana wanacheza nyuma, na asiye na sura ya kuvutia anashika simu. Darasani mwalimu anaweza kuvuruga mpangilio huo kwa amri moja tu, kwamba kila mtu apite kila nafasi. Binti aliyezoea kutikisika nyuma ya mvulana anapewa kuamua kamera iwekwe wapi. Mvulana anayejiona nyota anapewa daftari la kuandika shoti ipi imefaa na ipi imeharibika, kazi ya kimyakimya ambayo ikikosekana mhariri hulia.

Wapo wanaodhani nafasi za nyuma ni za walioshindwa. Mwaka 2009 mwigizaji Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua, aliongoza video ya mwimbaji Wahu ya "Little Things You Do", aliyomshirikisha Bobi Wine, na ikawania tuzo ya video bora katika tuzo za MTV Africa mwaka huo. Kabla ya hapo alikuwa amewahi kuwa msaidizi wa kawaida katika utengenezaji wa "The Constant Gardener", filamu iliyoshutiwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Oscar ilikuja mwaka 2014. Na huku Bongo, mtu anayeijua Bongo Fleva ya miaka ya 2000 lazima amtaje Adam Juma, muongozaji wa video. Waliokuja baadaye wanawataja waongozaji Hanscana na Kenny. Mikate mingi ya fani hii huliwa na watu ambao mashabiki hawawajui kwa sura.

Kwa nyumba ya kawaida hili lina uzito. Ni wazazi wangapi wamewahi kupigiwa magoti na mtoto anayetaka fedha za "kushuti", wakachukua mkopo wa kikoba au wakauza mbuzi, kisha zikaishia kwa mtu anayejiita dairekta, kwenye gari la kukodi na mavazi ya siku moja? Mzazi hana kipimo. Hajui bei, hajui kazi, anaona machozi tu. Mtoto aliyepita kwenye kichupa cha mazoezi anajua kwamba shoti ya sekunde tatu inaweza kula saa nzima, kwamba betri, nauli ya bajaji na maji ya kunywa ya watu wanane ni gharama, na kwamba siku ya pili ya kushuti huja kwa sababu ya uzembe wa siku ya kwanza. Waliotutangulia walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mzazi naye anaweza kuuliza swali jepesi kabla hajafungua kibubu: mwanangu, yale mazoezi ya darasani uliyamaliza? Kama hakuyamaliza, mbuzi abaki zizini.

Wimbo una mwenyewe, sura zina wenyewe

Sababu ya kufunga mlango wa darasa si kuwaonea vijana. Wimbo wa mazoezi ni wa mtu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Kupiga wimbo ili kufundishia watu thelathini chumbani ni jambo moja. Kuubandika kwenye picha zako na kuusambaza ni jambo jingine, linalohitaji ridhaa ya aliyetunga na ya mwenye rekodi. Tangu 2007 YouTube imekuwa na mtambo unaotambua nyimbo zenyewe, na mwenye wimbo anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake. Kijana anashangaa video yake imenyamazishwa, anadhani ana maadui.

Sura nazo si za bure. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, Kenya ikiwa imetangulia mwaka 2019. Ndani ya kichupa kimoja cha shule mna watoto wa miaka kumi na minne, mna mama lishe aliyepita nyuma, mna sare inayotaja shule. Kuwafundisha wanafunzi kwenda kwa mama lishe na kumwambia, "Shikamoo mama, tunashuti kazi ya shule, utaonekana kidogo pale nyuma, unaridhia?" ni elimu ambayo watangazaji wakubwa kadhaa hawana.

Mgema akisifiwa

Atatokea wa kubisha. Atasema mficha uchi hazai: kazi isiyoonyeshwa haikui, na dunia ya leo humjua mtu kwa alichotupia. Atataja kundi la OK Go la Marekani, ambalo mwaka 2006 lilicheza juu ya mashine nane za kukimbilia, kamera moja imesimama, shoti moja tu bila kukata, gharama kidogo. Video ikasambaa duniani na mwaka uliofuata ikapata Grammy. Je, si ushahidi kwamba unaweza kurusha tu na ukatoka?

Ni ushahidi wa kinyume chake. Trish Sie, dada wa mwimbaji wao na mcheza dansi wa kazi, ndiye aliyepanga kila hatua. Walifanya mazoezi kwa siku kadhaa, na shoti iliyotoka ilipatikana baada ya kujaribu mara 17 hivi. Watu waliona moja. Zile nyingine, za kuteleza na kugongana, zilikuwa vichupa vyao vya mazoezi, na hawakuzirusha ili kuomba vidole gumba.

Sifa za mapema zina tabia yake inayojulikana: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Video mbovu yenye binti mrembo hupata maelfu ya watazamaji, na nzuri isiyo naye hupata shangazi na wajomba. Mwanafunzi akipewa hesabu hiyo kama mwalimu wake, atajifunza kumtafuta binti mrembo. Akikaa na wenzake mbele ya kioo kimoja, wakasimamisha picha na kuulizana kwa nini hapa tumechoka kutazama, atajifunza kukata. Mitandao haimwambii mtu kwamba shoti yake ni ndefu kwa sekunde mbili. Inapita tu.

Kuna madhara ya pili yasiyosemwa sana. Kichekesho cha mtoto wa kidato cha pili kikisambaa, hakifutiki. Jina la utani alilopewa wiki ile litamsubiri chuoni. Darasa linampa haki ambayo watu wazima wengi wangeitamani, haki ya kufanya jambo vibaya na likaishia hapo.

Vifaa vipo, ratiba ndiyo kazi

Shule zitasema hazina kamera, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Kweli. Lakini vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu nchini Tanzania, na vina kamera. Kimoja kinatosha darasa, tena uchache unasaidia: wenye kifaa kimoja hulazimika kupanga kwenye karatasi kabla ya kushika. Mkondo wa amali ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umefungua nafasi kwa masomo ya mikono na vipaji. Kenya, mtaala wa umilisi umetenga njia nzima ya sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili, na Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu tayari linapokea filamu za wanafunzi. Hata hivyo tamasha ni mahali pa kushindana. Kabla ya kushindana pawepo pa kukosea.

Mwalimu hahitaji kuwa dairekta. Anahitaji wimbo mmoja uliochaguliwa na darasa, kipande kisichozidi sekunde 40, mchoro wa shoti kwenye karatasi ya daftari, vipindi viwili vya kushuti na kimoja cha kutazama. Alama nyingi zisiende kwenye video. Ziende kwenye ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anaandika peke yake, kwa Kiswahili chepesi: nilipanga nini, kilitokea nini, wapi niliwalaumu wenzangu na kosa lilikuwa langu, na nikipewa siku moja zaidi ningebadili nini. Video mbaya yenye ukurasa mzuri ipate zaidi ya video nzuri yenye ukurasa wa uvivu. Wazazi watalalamika, na waachwe walalamike.

Muhula ukiisha klipu zifutwe, zibaki kurasa. Na mkuu wa shule atakapoombwa na kamati ya mahafali aruhusu kichupa kimoja kionyeshwe mbele ya mgeni rasmi, maana kimependeza kweli na mbunge ni shabiki wa wimbo ule, akatae kwa upole. Wakitaka cha mahafali watengeneze kipya, kwa wimbo wao wenyewe, na barua ya ridhaa ya kila mzazi ikiwa mezani kwake kwanza.